Maswali na Majibu: Kitambi, Soda za Kikao na Kukaa Ofisini Kutwa

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu mazoezi na misosi kazini. Twende moja kwa moja.

Nakaa Nzovwe, kazi iko Mwanjelwa, kutwa niko kwenye kompyuta. Gym sina hela wala muda. Nifanyeje?

Gym iache kwanza. Asubuhi shuka Mafiat, umalizie kwa mguu, ila utembee kwa kukaza mpaka kajasho kaje (na baridi ya Mbeya hii utashukuru), pumzi ipande lakini bado uweze kuongea na simu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, sasa piga hesabu, robo saa asubuhi na robo saa jioni kwa siku tano ushazimaliza. Halafu faili likiwa ghorofani lifuate mwenyewe, usimtume kijana. Misuli nayo inataka kazi ngumu mara mbili kwa wiki, so nyie mnaoenda kulima Mbalizi kila wikiendi mna nafuu kuliko mnavyojiona.

Kamwene. Mimi ni afisa utumishi Iringa, kila kikao tunaagiza soda, sambusa na maandazi. Nikibadilisha watu watanuna.

Kamwene dada. Watanuna kikao cha kwanza, cha tatu washazoea. Mi ningeanza na soda kabla hata ya sambusa, maana chupa ya nusu lita ya kola ina karibu gramu 53 za sukari, yaani vijiko vya chai kama 13, na hakuna mtu hapo ofisini anayeweza kutia vijiko 13 kwenye kikombe mbele za watu. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa ni gramu 50, kwa hiyo chupa moja ya kikao imeshavuka siku nzima, na bado hajanywa chai ya jioni kwake. Weka maji, chai isiyo na sukari na kibakuli cha sukari pembeni kila mtu ajitilie. Za kutafuna ni mahindi ya kuchemsha, magimbi, karanga, ndizi za Tukuyu na parachichi. Hii ya parachichi inaniuma kweli, Njombe wanapakia makontena kwenda Ulaya halafu sisi hapo jirani tunakula maandazi ya mafuta yaliyorudiwa mara sijui ngapi! Na juisi za boksi usijidanganye, nyingi ni sukari tu.

Mchana mwambieni mama ntilie apunguze tonge la ugali, aongeze maharage na figiri. Atafanya, nyie ndo wateja wake.

Nina wafanyakazi 20 Makambako. Nataka mashindano ya kupunguza kilo, nabandika majina na uzito ukutani. Wazo zuri?

Hapana bosi, tena usithubutu. Utamwaibisha mtu, wengine watashinda njaa wiki nzima ili wakushinde wewe na mzani wako, wakila tena kilo zinarudi. Kuna mwingine dawa anazotumia ndo zinamnenepesha na hajawaambia. Ukitaka ushindani leta kamba mvutane, kama watumishi wa wizara walivyofanya Iringa 2023 kwenye SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara za serikali. Na umwite nesi awapime presha, kila mtu apewe majibu yake peke yake. Presha hata wembamba wanayo.

Mimi mlinzi wa usiku Njombe. Baridi kali, nashindia chai ya sukari nyingi na chipsi mayai.

Pole kaka, baridi ya Njombe naijua. Chai endelea nayo, tia tangawizi, sukari ipungue kidogo kidogo mpaka kijiko kimoja. Kula msosi wa kushiba kabla ya kuingia zamu, usiku beba kande au mayai ya kuchemsha. Zunguka uzio kila saa, ni kazi yako na unapata joto. Kahawa kama unakunywa, mwisho saa saba usiku, ukitoka asubuhi usingizi uje.