Kabla ya dawa ya choo, pima mwendo wa tumbo

Wengi wenye choo kigumu huhesabu siku walizokaa bila kwenda haja. Hesabu hiyo hudanganya: unaweza kwenda kila asubuhi, kumbe unatoa chakula cha siku nne zilizopita. Cha kupima ni saa ambazo mlo unakaa tumboni.

Kipimo cha nyumbani ni vijiko viwili vya mahindi ya kuchemsha, kwa kuwa tumbo haliwezi kusaga ganda la punje. Tatizo kwetu Dodoma ni makande. Ukiwa uliyala juzi, punje utakayoiona hutajua ni ya lini. Kwa hiyo wiki nzima kabla ya kupima acha makande, mahindi ya kuchoma na bisi; ugali wa uwele na mlenda havina neno. Siku ya kupima, kula vijiko hivyo viwili, punje kadhaa uzimeze bila kutafuna, andika saa, kisha usiguse mahindi tena mpaka uzione. Andika punje ya kwanza ilitoka lini na ya mwisho lini. Choo cha shimo hakikuonyeshi kitu, tumia poti. Dawa ya kulainisha choo nayo huharibu kipimo; kama uliandikiwa na daktari, muulize kwanza kabla ya kuiacha. Bitiruti badala ya mahindi hatuishauri: huweza kugeuza hata mkojo kuwa mwekundu, mtu akadhani ni damu.

Punje zikionekana ndani ya siku moja au mbili, mwendo ni mzuri. Saa 72 zikipita bila hata moja, utumbo ni mzito. Angalia kwanza dawa unazotumia: vidonge vya madini ya chuma na kodeini (dawa ya maumivu) hufunga choo sana.

Hospitalini humezeshwa kidonge chenye vipete 24, siku ya tano unapigwa eksirei (mjamzito hapigwi). Vikibaki 5 au pungufu, ni kawaida. Vikibaki zaidi na kutawanyika, utumbo mpana ni mvivu, na kuongeza pumba kwenye chakula huweza kukujaza gesi tu. Vikirundikana chini karibu na puru, huenda kasoro iko mlangoni: misuli inabana wakati ingepaswa kulegea. Huyo hufaidika zaidi kwa kufundishwa kusukuma vizuri kuliko kwa dawa.

Damu, kukonda bila sababu, au tumbo kuvimba huku unatapika na hata hewa haitoki: achana na punje, nenda hospitali siku hiyohiyo.