Unaanza namba theori ya kialjebra? Kaa na √-5 kwanza

Habari zenu wadau wa hesabu. Madogo wengi wanaoingia masters na kuchukua kozi hii wananiuliza inasomwaje, maana wakifungua noti wanakuta ringi za Dedekind moja kwa moja (ringi ni mfumo wa namba unaoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha ndani yake), halafu idiali (mafungu maalumu ya namba ndani ya ringi, tutayaona chini), halafu teoremu juu ya teoremu, na wiki zinapita hawajaona namba yoyote ya maana. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo, lekchara anajaza ubao prufu nzuri kabisa, sisi tunanakili. Kilichonifungua mimi ni kuchukua fildi moja ndogo (mfumo wa namba unaoweza hata kugawanya ndani yake) na kukaa nayo na kalamu mpaka nikaijua yote, kwa hiyo ushauri wangu wote leo uko hapo, chukua namba za aina a + b√-5, a na b zikiwa namba kamili, na usiziache mpaka zimekuzoea.

Anza na 6. Ni 2 × 3, lakini pia ni (1+√-5)(1−√-5). Sasa usikubali tu kwamba hizo ni njia mbili tofauti kwa sababu noti zimesema, hakikisha mwenyewe. Nomu, yaani kipimo cha ukubwa wa namba, ya a + b√-5 ni a² + 5b², na ukizidisha namba mbili nomu zao nazo zinazidishana, kwa hiyo nomu ya 2 ni 4, ya 3 ni 9, na zile mbili nyingine ni 6 kila moja. Ili 2 ivunjike ingehitaji kitu chenye nomu 2, na a² + 5b² = 2 haina jibu, jaribu uone. Vivyo hivyo kwa 3. Basi hakuna kati ya hizo nne inayovunjika zaidi, na ile habari tuliyozoea tangu shule ya msingi kwamba kila namba ina njia moja tu ya kugawika kwenye namba tasa hapa imekufa.

Hili jambo liliwasumbua hata wakubwa. Machi 1847 mwanahesabu Mfaransa Lamé alisimama mbele ya Akademi ya Paris akasema amepata prufu ya teoremu ya mwisho ya Fermat (kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba kamili chanya n ikizidi 2), na mwenzake Liouville akamuuliza pale pale kama ana hakika mgawanyo huo ni wa njia moja kwenye namba alizotumia. Hakuwa na hakika hiyo. Kummer kule Ujerumani alishachapisha tangu 1844 kwamba hiyo njia moja inaweza kukosekana, na yeye ndiye aliyeleta dawa yake, halafu Dedekind mwaka 1871 akaipa sura ya idiali tunayoisoma leo. Ukijua shida iliyowafanya watengeneze idiali, ile tafsiri kavu ya kwenye noti inakaa kichwani yenyewe.

Turudi kwenye 6. Andika idiali P = (2, 1+√-5), Q = (3, 1+√-5) na Q′ = (3, 1−√-5), mabano yakimaanisha namba zote unazopata ukizidisha hizo mbili za ndani kwa namba yoyote ya ringi yetu na kujumlisha; (2) ni mazao yote ya 2. Zidisha P kwa P, unapata idiali yenye 4, 2+2√-5 na −4+2√-5, toa ya tatu kwenye ya pili unapata 6, toa 4 unabaki na 2, na vyote vitatu vinagawika kwa 2, kwa hiyo P² = (2). Fanya na zilizobaki mwenyewe tafadhali, usiruke: QQ′ = (3), PQ = (1+√-5), PQ′ = (1−√-5). Kumbe 6 ni P·P·Q·Q′ basi, na zile njia mbili ni kupanga tu hizo nne kwa makundi tofauti! Siku nilipoizidisha hii kwa mkono wangu nilielewa kitu ambacho kurasa nyingi za prufu hazikunipa.

Halafu ingia kwenye namba tasa zenyewe, hapa ndipo utamu ulipo. Tafuta ni zipi zinaandikika kama x² + 5y². 29 ni 3² + 5·2², 41 ni 6² + 5·1², 61 ni 4² + 5·3². Lakini 3, 7, 23, 43, 47 zinagoma. Gawa kwa 20 uangalie baki, utaona zinazokubali, ukiacha 5 yenyewe, zina baki 1 au 9, na hizo zilizogoma zina baki 3 au 7. Sasa zidisha mbili zilizogoma: 3 × 7 = 21 = 4² + 5·1², 3 × 23 = 69 = 8² + 5·1², 7 × 23 = 161 = 9² + 5·4². Zikikutana mbili zinakubali! Fermat aliliona hili karne ya 17, Lagrange akalithibitisha karne ya 18, na hiyo ndiyo grupu ya klasi (inayopima idiali ziko mbali kiasi gani na kuwa zote za jenereta moja, yaani mazao ya namba moja tu) yenye elementi mbili, unaiona kwa macho kabla hata hujasoma tafsiri yake. Baada ya hapo teoremu ya Minkowski haitakutisha, kwa sababu inakwambia tu uangalie idiali zenye nomu isiyozidi (2/π)√20, yaani kama 2.85, kwa hiyo ni P peke yake ya kuchunguza, na tayari unajua si ya jenereta moja maana hakuna namba yenye nomu 2.

Kuhusu msingi, kama ringi, moduli na theori ya Galois (mada za aljebra ya digrii ya kwanza) zinakuyumbisha zirudie, ila usisubiri zikamilike ndo uanze, zitakaza huku huku njiani. Na angalia sana ringi ya namba kamili, kwa √5 si a + b√5 tu, (1+√5)/2 nayo imo kwa sababu inatimiza x² − x − 1 = 0, hii inawaangusha wengi kwenye pepa.

Kama huna laptop usijali, kuna PARI/GP, programu ya hesabu ya bure kabisa na ipo ya simu ya Android inaitwa PariDroid, ukishaipakua haihitaji bando. Andika qfbclassno(-20), -20 ikiwa diskriminanti ya fildi yetu (ndiyo ile 20 ya kwenye Minkowski), itakupa 2, idadi ya elementi za grupu ya klasi. Lakini hesabu kwa mkono kwanza, simu iwe ya kuhakiki. Na tafuteni mwenzenu hata mmoja wa kupigia diskasheni, kila mtu aje na fildi yake.

Ukimaliza √-5 nenda √-23, klasi namba yake, yaani idadi ya elementi za grupu ya klasi, ni 3. Fomu yake ni x² + xy + 6y², na hapa baki halitoshi tena: 13 na 59 zote zikigawanywa kwa 23 zinabakiza 13, lakini 59 inaandikika, weka x = 5 na y = 2, wakati 13 haiwezekani kabisa. Ukitaka kujua nini kinazitenganisha, chukua x³ − x − 1 utafute x kati ya 0 na 58 zinazoifanya igawike kwa 59, utapata 4, 13 na 42, halafu ujaribu kwa 13 uone kama utapata hata moja.