Sauti ya 5.1: umiksi nyumbani Kigoma au ukodi studio?

Kabla ya kuulizia bei ya studio, jiulize filamu itasikilizwa wapi. Ikiwa inaishia kwenye simu na vibanda umiza, miksi ya stirio inatosha. Usijitese na spika sita za 5.1: tano kumzunguka msikilizaji na sabufa moja ya besi. 5.1 ina maana pale filamu inapokwenda jumba la sinema, au tamasha limeidai.

Kinachoharibu miksi nyingi za nyumbani ni chumba. Vyumba vya Mwanga au Ujiji vingi ni vya tofali, karibu mraba, juu bati. Chumba cha mita 3 kwa 3 huvimbisha besi ya karibu hezi 57, kwa kuwa pande zote mbili zina kipimo kilekile. Unasikia besi imezidi, unaipunguza. Kule ukumbini injini ya boti ya ziwani inalia kama mbu. Trei za mayai ukutani zinatuliza sauti kali tu. Besi inataka rokiwuli (pamba nzito ya mawe) ya sentimita 10 au zaidi kwenye kona. Na mvua ikianza kupiga bati, zima mashine ukanywe chai.

Ukifunga spika zako: ya kati nyuzi 0, mbele yako kabisa, kushoto na kulia nyuzi 30, za nyuma nyuzi 110, zote umbali mmoja na kichwa chako. Pima moja moja kwa mita ya sauti. Chumba kidogo kinatosha desibeli 79, 85 ni za ukumbi mkubwa. Chaneli ya LFE, ile ya besi nzito inayokwenda kwenye sabufa, hupandishwa desibeli 10 wakati wa kusikiliza. Ukisahau hilo utaijaza kupita kiasi, na sabufa ya ukumbini itanguruma filamu nzima.

Sisi tungefanya nyumbani kazi inayokula muda: kusafisha mazungumzo, kupanga milio na sauti za mazingira. Studio ikodiwe mwishoni tu, siku moja au mbili.

Peleka faili za WAV za kilohezi 48, biti 24, stemu tatu, yaani mafungu ya sauti yaliyotengwa: mazungumzo, muziki, milio, zote zikianzia sehemu moja. Kubalianeni idadi ya fremu kwa sekunde mapema. Picha ya fremu 25 ikifunguliwa kwa 24, kila dakika 10 za sauti zinaachana na midomo kwa sekunde 25. Ulizia pia mpangilio wa chaneli: kuna programu zinazoiweka ya kati namba mbili, nyingine namba tatu. Zikigongana, mazungumzo yote yanatokea spika ya kulia, na saa za studio unazilipia ukitafuta mchawi.