Mwenyekiti wa kamati si kura moja tu
Ndugu, unauliza mwenyekiti wa kamati ya nishati bungeni ana madhara gani wakati kura yake ni moja kama ya wengine. Sawa, ila yeye ndo anapanga mswada upi usikilizwe na lini, nani aitwe kutoa ushahidi, na upi ukae kabatini mpaka bunge liishe. Mcheki seneta Joe Manchin wa West Virginia, kachukua uenyekiti wa kamati ya nishati ya Seneti ya Marekani 2021 huku familia yake ina biashara ya makaa ya mawe, na Seneti ilikuwa viti 50 kwa 50 kwa hiyo chama chake, Democrat, kilihitaji kura yake na hakikuwa na pa kukwepea, mwaka huohuo mpango wa dola bilioni 150 wa kuzisukuma kampuni za umeme zihamie nishati safi ukaondolewa kabisa sababu yeye kaukataa. Alipokuja kukubali sheria ya tabianchi ya 2022 ikabeba sharti, kwamba serikali isikodishe bahari kwa umeme wa upepo mpaka ndani ya mwaka uliotangulia iwe imeweka mnadani angalau eka milioni 60 za bahari kwa mafuta na gesi. Mi nasema mwenye hisa kwenye makaa asipewe kile kiti, awe wa chama chochote.