Paka wa Gofuni

SWALI: Mhariri, nimemwokota paka jike gofuni hapa Lamu, mbavu zimemtoka na jicho moja limegandamana kwa tongo. Je, nimpe maziwa na nusu ya panado?

JIBU: Panado usimpe hata chembe, kwa kuwa parasetamoli humuua paka, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Mpe maji safi na samaki wa kuchemsha asiye na miba wala chumvi, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kwani mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla huweza kudhurika vibaya. Jicho lifute kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye pia atamchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Akikuuma, hata akiwa mpole kama walivyo paka wengi wa Lamu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.