Siki, misumari yenye kutu na herufi H

Mmeuliza wiki hii: ni kitu gani kwenye harusi ya kwenu kilitengenezwa kwa mkono badala ya kukodiwa? Kwetu kilikuwa kibao cha kukaribishia wageni, na kilizua ugomvi kabla sijapiga hata msumari mmoja.

Mdogo wangu alifunga ndoa ufukweni Pangani. Akataka kibao kilichochakaa, kama kilichopigwa jua na mvua miaka ishirini. Mama akashangaa: "Watu harusi ikikaribia wanapaka nyumba rangi, nyie mnatafuta ubao mbovu?" Kwa kuwa marehemu babu alinifundisha kushika randa, kazi ikaniangukia mimi.

Tulianza na ubao wa mashua iliyofia pwani. Kwa macho, mzuri mno. Ukiubonyeza, kidole kinazama. Nikauacha, nikanunua paleti mbili, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Anayetaka kujaribu atazame muhuri kwanza. Paleti za mizigo ya nje zenye herufi HT zimepashwa joto hadi kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, kuua wadudu. Zenye MB zimefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hizo usizilete nyumbani, hata ukipewa bure.

Zangu zilikuwa za msonobari, nyeupe kama mkate. Nilizisugua kwa brashi ya waya kufuata nyuzi za mbao: penye ulaini panalika, penye ugumu panabaki, mistari inasimama yenyewe. Kazi ya jasho, mikono iliuma siku mbili.

Rangi ya uzee sikuinunua dukani. Nililoweka misumari yenye kutu kwenye siki nyeupe siku tatu, kifuniko nimekilegeza kwa sababu mchanganyiko ule unatoa gesi. Msonobari hauna tanini ya kutosha, ile kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao na kwenye majani ya chai, kwa hiyo nilitangulia kuupaka chai ya rangi, nzito ya kutisha, nikauacha ukauke. Tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka kwenye siki, mbao inageuka. Mwanzoni unaona kama umepaka maji tu na unajilaumu. Ukirudi baada ya muda, ubao umekuwa wa kijivu. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza. Mimi sikujaribu, na ubao wangu wa kwanza ulitoka mweusi kama umetolewa jikoni.

Kwa maandishi, nilisugua mshumaa hapa na pale kabla ya kupaka rangi nyeupe, ili nikipitisha msasa ibanduke vipande vipande. Kwenye herufi moja mkono ulizidi. Asubuhi ya harusi, msasa ulipopita, H yote ikaondoka. Kibao kikasomeka KARIBUNI ARUSINI.

Nikakimbilia kopo la rangi. Bibi, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua mchele, akanizuia. "Kiache hivyo hivyo. Sisi tunasema arusi tangu tuzaliwe. Hiyo H mmeileta nyie."

Tukakisimamisha kwenye mchanga, kimeegemea mnazi. Wageni walipiga picha pale kuliko kwenye jukwaa tulilolikodi kwa pesa nyingi. Jioni nikamsikia Mama akiwaeleza wakwe, bila kupepesa macho, kwamba ule ubao umetoka kwenye mashua ya babu yetu.

Babu alikuwa seremala. Hata kuogelea hakujua.