Nenda siku moja kabla, mimi niligeuziwa angani

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, ana interview Mwanza saa 4 asubuhi, anataka apande ndege ya alfajiri kutoka Dar siku hiyohiyo, anauliza kama atawahi. Dada angu, usijaribu. Nenda siku moja kabla.

Mwaka jana nilikuwa nafukuzia tenda ya vifaa vya ofisi hukohuko Mwanza, miezi minne nahangaika, tukabaki wawili tu, mimi na jamaa mmoja. Nikakata tiketi ya alfajiri ili nibane elfu 40 ya lodge. Tumeruka vizuri, nimelegeza tai, ila chini ya miguu kuna mngurumo hauishi, kama daladala inayoburuza bampa. Mama wa pembeni kashatoa rozari, mimi najifanya mzoefu, namwambia ni kawaida mama. Mara rubani huyo hewani, magurudumu yamegoma kuingia ndani, tunarudi Dar.

Baadaye ndo nikaja kuelewa, magurudumu yakibaki nje upepo unaivuta ndege nyuma na mafuta yanaliwa balaa, safari haiendeki hivyo. Lakini muda ule sikuwa na akili hiyo. Tunazunguka tu juu ya bahari, marubani wanapitia checklist yao, mi namfokea mhudumu, binti mdogo tu, eti nina kikao! Akanijibu kwa upole, "Kaka, funga mkanda." Mkono alioshikia kiti ulikuwa unatetemeka. Hiyo aibu ninayo mpaka leo.

Na kuzunguka sio uzembe jamani. 2010 Airbus A380 ya Qantas ilipasuka injini ikitoka Singapore, watu 469 ndani, wakakaa angani karibu saa 2 wakikagua kila kitu ndo wakatua palepale Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, hakuna aliyeumia. Na sisi tulitua salama, zimamoto wamejipanga pembeni.

Tenda akapewa jamaa. Kwenye simu wakaniambia, "Mwenzako alilala hapahapa." Nasikia siku hizi anachelewesha mizigo, ila hayanihusu.

Vijana tunapenda kubana pasipobanika halafu tunasema tumerogwa. Nenda siku moja kabla, chaji simu, weka namba za wenyeji wako, na rubani akigeuza funga mdomo, nasema tena, nenda siku moja kabla. Dada, kama shida ni lodge niambie, nina shangazi Nyakato, hukohuko Mwanza.